Maswali saba kati ya kumi

Katika daftari la Hisabati la binti yangu, la muhula wa kwanza wa darasa la tatu, kuna ukurasa ambao nimeuhifadhi hadi leo. Maswali yalikuwa kumi, ya kuzidisha namba ya tarakimu mbili kwa namba ya tarakimu moja. Saba ya mwanzo ameyapata yote, kwa mwandiko uliotulia, akionyesha njia. Katika swali la nane ameandika namba ya swali na alama ya kuzidisha, basi. Mahali pa jibu unaanzia mkia wa mjusi, na mjusi mwenyewe anapanda pembeni mwa ukurasa hadi kuifikia tarehe. Chini yake mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu: "Mvivu. Unaweza ukitaka." Mimi nami ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, mwaka wa 16 sasa, ingawa sifundishi shule anayosoma yeye, na maneno hayo nimeyaandika kwenye madaftari ya watoto wa watu mara nyingi kiasi kwamba nilipoyakuta kwenye daftari la mwanangu nilikubaliana nayo. Jioni ile nilimchapa.

Maneno hayo mawili, "unaweza ukitaka", ndiyo ninayotaka kuyajadili, kwa sababu yamesimama juu ya dhana kwamba kati ya kujua jambo na kulifanya hakuna kitu kingine isipokuwa nia. Kwa watoto wengi dhana hiyo haileti madhara makubwa. Kwa mtoto mwenye hali ambayo madaktari huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini ambao kwa baadhi yao huandamana na utukutu uliopita kiasi, dhana hiyo ni kosa, na anayelilipia ni mtoto kwa ngozi yake.

Nyumbani mambo yalikuwa hivi. Asubuhi nikimtuma chumbani akavae soksi, baada ya dakika kumi ningemkuta ameketi sakafuni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akiwatazama sisimizi wanavyoshirikiana kubeba punje ya wali. Hakuwa amekataa kuvaa. Ukimuuliza umetumwa nini, alijibu bila kusita kwamba ametumwa soksi, na machozi yangemlengalenga kwa sababu alijua kinachofuata. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mtoto huyohuyo aliweza kukaa saa mbili mfululizo akimsuka mwanasesere aliyemtengeneza kwa nyuzi za katani, asisikie hata akiitwa kula. Kwa hesabu zangu za wakati ule, huo ulikuwa ushahidi kamili kwamba umakini anao na kwamba anatuchagulia tu pa kuutumia. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ni kinyume chake: umakini upo, ila usukani wake ni dhaifu, kwa hiyo unakwenda kule unakovutwa na jambo jipya, la kufurahisha au lenye malipo ya papo hapo, na unaliacha lile la kuchosha ambalo faida yake iko mbali, hata kama mwenye umakini anatamani kulimaliza.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bibi yake, mama mkwe wangu, alisema mtoto ameangaliwa na jicho baya na akataka apelekwe kwa mzee mmoja wa Matombo akasomewe. Shangazi yake alilaumu soda na biskuti. Na hapo naomba niseme kidogo, kwa maana imani hiyo imeenea sana, kwamba majaribio kadhaa ambayo watoto walipewa sukari au kitu chenye ladha yake bila wao wala wazazi kujua ni kipi yalichambuliwa kwa pamoja mwaka 1995, na hayakuonyesha kwamba sukari inabadili tabia au uwezo wao wa kufikiri. (Meno ni suala jingine, na soda bado siitaki nyumbani kwangu.) Katika ofisi ya walimu niliambiwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, methali ambayo kila mama mwenye mtoto wa aina hii ameshapigwa nayo usoni.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nimewahi kusikia kuhusu ADHD katika semina, na picha iliyobaki kichwani mwangu ilikuwa ya mvulana mmoja niliyemfundisha darasa la nne mwaka 2012. Yule alijibu swali kabla sijamaliza kuliuliza, alisimama katikati ya somo kwenda kuangalia gari lililopita, alichukua rula ya jirani akaigeuza ngoma, na alikuwa wa kwanza kupanda mwembe wa shule na wa kwanza kuanguka. Jina lake lilitajwa mstarini karibu kila Jumatatu. Nilimchapa mtoto yule kuliko mwanafunzi mwingine yeyote katika maisha yangu ya ualimu, na kila baada ya fimbo aliniomba msamaha kwa dhati, kisha ndani ya robo saa akarudia. Sikuwahi kujiuliza ni dawa gani hiyo ambayo unaiongeza mwaka mzima na mgonjwa habadiliki.

Binti yangu hakufanana naye hata kidogo: ni mpole, hana kelele, haondoki kwenye dawati, anazubaa tu. Sikujua kwamba hali hii huja kwa sura tatu, yaani ile ya kukosa umakini pekee, ile ya utukutu na papara, na ile inayochanganya zote mbili. Kwa kuwa wavulana wengi huonekana kwa fujo zao, wasichana wanaokaa kimya huku akili ikisafiri hupitwa bila kutambuliwa kwa miaka, wakiitwa wazembe, wasahaulifu au wazito wa kuelewa. Mtoto asiyemsumbua mwalimu mwenye wanafunzi 84 hana sababu ya kuonwa naye. Hilo nalikiri kama mtu wa kazi hiyo.

Aliyetuelekeza hospitali alikuwa mwalimu mwenzangu aliyesomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, kule Arusha. Hakuomba kumwona mtoto, aliomba madaftari. Akapekua kurasa kumi au kumi na mbili, akanionyesha kwamba makosa hayakufuata ugumu wa maswali bali yalifuata nafasi ya swali katika ukurasa: la kwanza gumu amelipata, la tisa jepesi hakuligusa. "Mwalimu," akaniambia, "huyu hachoki kufikiri, anachoka kuendelea."

Katika kliniki ya watoto huko Dar es Salaam nilitarajia kipimo cha damu au picha ya kichwa. Hakuna kipimo cha namna hiyo kinachothibitisha ADHD. Daktari alifanya kazi kwa maswali, muda mrefu, na akatupa fomu ya kujaza sisi na nyingine ya kujaza mwalimu wake. Kwa mwongozo wa Wamarekani uliotolewa mwaka 2013, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, mtoto huhesabiwa kuwa na hali hii iwapo ana angalau dalili sita kati ya tisa za kukosa umakini, au sita kati ya tisa za utukutu na papara, zikiwa zimedumu miezi sita au zaidi, baadhi zikiwa zilianza kabla hajatimiza miaka 12, zikijitokeza katika mazingira zaidi ya moja, na zikiwa zinamharibia masomo au maisha. Sharti la mazingira zaidi ya moja ni la maana sana: mtoto anayezubaa shuleni tu huenda tatizo lake liko shuleni, na anayehangaika nyumbani tu tuitazame nyumba.

Kabla ya kufika hapo, daktari aliondoa mambo mengine moja baada ya jingine, na ningependa kila mzazi anayesoma aanzie hapo kabla hajambandika mwanawe jina lolote. Alipima usikivu na macho, aliangalia upungufu wa damu, aliuliza kama anakoroma na analala saa ngapi, kama aliwahi kupata degedege au malaria kali iliyopanda kichwani, kama kuna msiba au ugomvi nyumbani, na kama kuzubaa kwake huja ghafla kwa sekunde chache huku macho yakiganda na asiitike hata akiguswa, kwa sababu hicho huweza kuwa kifafa cha aina isiyoangusha mtu, nacho kina tiba yake. Aliuliza pia umri wake kamili kwa miezi. Sisi walimu hulisahau hili: katika darasa moja mwaka huu nina watoto waliopishana kwa zaidi ya miaka miwili, na yule mdogo akihangaika tunamlinganisha na mkubwa aliyeketi naye dawati moja.

Wapo wanaosema kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu, au ya simu na televisheni. Daktari mmoja wa Uskoti, Alexander Crichton, alikwisha kueleza mwaka 1798 juu ya watu wasioweza kushikilia jambo moja akilini, na mwaka 1902 George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini London akaeleza watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia licha ya kuadhibiwa tena na tena. Simu hazikuwepo katika vyumba hivyo. Jina tunalolitumia sasa ndilo jipya; limepatikana mwaka 1987 baada ya majina mengine kadhaa kuachwa.

Kuhusu ubongo, utafiti ulionisaidia zaidi kama mzazi ni ule uliotolewa Marekani mwaka 2007, ambao ulipiga picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo, wengi wao zaidi ya mara moja kadiri walivyokua. Gamba la ubongo wa watoto wasio na hali hiyo lilifikia kilele cha unene wake wakiwa na takriban miaka saba na nusu. La wenye hali hiyo, wakiwa na miaka kumi na nusu. Mpangilio wa ukuaji ulikuwa uleule, ila ulichelewa, na sehemu ya mbele, ile inayosimamia kujizuia, kupanga na kukumbuka kinachofanywa sasa hivi, ndiyo iliyochelewa zaidi. Niliporudi nyumbani nikaanza kumtazama binti yangu wa miaka tisa, katika suala la kujipanga tu na si katika akili, kama mtoto wa miaka sita, na nusu ya hasira zangu zikakosa pa kukaa, kwa maana hakuna mtu anayemkasirikia mtoto wa miaka sita kwa kupoteza soksi.

Hali hii pia hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha huweka mchango wa urithi kati ya asilimia 70 na 80. Ndani ya basi la kurudi Morogoro mume wangu, fundi umeme mwenye miradi minne isiyokamilika uani na aliyekwisha kupoteza simu ambazo sijui idadi yake, alisoma orodha ya dalili mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama watu wazima nao hupimwa. Nikamjibu kwamba hupimwa, na kwamba wengi huingia nayo utu uzimani. Tulifika Chalinze hajasema neno jingine.

Tulichofundishwa ni kwamba msaada uwekwe mahali pale na wakati ule jambo linapofanywa, si kabla yake wala baada yake. Nasaha za jioni hazimsaidii asubuhi, kwa sababu nasaha humwongezea kujua, na kujua anako. Hivyo mlangoni pa chumba chake kuna picha nne alizozichora mwenyewe, soksi, viatu, begi na chupa ya maji, na kila moja ana pini ya nguo anayoibana akishamaliza. Sipazi sauti tena kutoka jikoni; namwendea, namgusa bega, namtuma jambo moja tu, naye hulirudia kwa mdomo wake kabla hajaondoka. Kwa kuwa dakika kumi na dakika arobaini kwake ni kitu kimoja, nimebandika karatasi nyekundu kwenye robo ya kioo cha saa ya ukutani, ili auone muda ukipungua badala ya kuambiwa.

Kwenye zawadi tulikosea sana mwanzoni. Tulimwahidi baiskeli mwezi Desemba akipanda kufikia kumi bora. Kwa mtoto huyu, mwezi Machi, baiskeli ya Desemba haipo. Sasa tuna chupa na punje za maharage: akikaa akamaliza maswali matatu, punje inaingia hapohapo, mbele ya macho yake, nami nataja alichokifanya, si kusema "umefanya vizuri" kwa ujumla bali "umerudi kwenye swali baada ya kuangalia dirishani." Punje kumi ni hadithi moja ya ziada au zamu ya kuchagua mboga. Mwanzoni nilikuwa nazitoa akikosea, na ndani ya siku mbili chupa ilikuwa tupu naye amekata tamaa. Sasa zinaingia tu. Baada ya wiki tano hivi maharage yalipoteza utamu, tukahamia vizibo vya soda, kisha shanga, na najua tutahama tena. Siku nyingine yote haya hayafanyi kazi na ninapiga kelele kama zamani. Sitaki mtu asome hapa akadhani nyumbani kwangu kumetulia.

Darasani ndiko kwenye kazi kubwa, na huko nazungumza kama mwalimu. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi duniani ni watoto takriban watano katika kila mia, maana yake ni kwamba katika darasa langu la watoto 84 natarajia kuwa nao wanne hivi kila mwaka, na bila shaka nimekuwa nao miaka yote. Sina mwalimu msaidizi wala chumba cha pekee. Ninachoweza ni kumweka mtoto safu ya mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na ninaposimama, ili niweze kugusa dawati lake kwa kidole bila kulitaja jina lake mbele ya wenzake. Maswali kumi nampa yaleyale kumi, ila anaukunja ukurasa ili ayaone matatu, ananionyesha, kisha anafunua mengine. Mwenye miguu isiyotulia ndiye mfuta ubao wangu, mgawa madaftari na anayetumwa chaki ofisini. Anapata safari zake kwa halali badala ya kuziiba. Kazi ya nyumbani naiandika ubaoni mwanzoni mwa kipindi, kwa sababu inayotangazwa kengele ikilia haimfikii. Kila baada ya dakika ishirini darasa zima linasimama na kuimba jedwali la kuzidisha kwa makofi, jambo ambalo tulilifanya sisi tulipokuwa wadogo na ambalo tumeliacha bila sababu ninayoijua. Nimeacha pia kumnyima mtoto mapumziko kama adhabu, kwa kuwa mwenye kuhitaji kukimbia ndiye tuliyekuwa tukimfungia darasani.

Wenzangu waliniambia kwamba wanafunzi wengine wataona upendeleo. Kilichotokea ni kwamba baada ya wiki moja karibu nusu ya darasa walikuwa wanakunja kurasa zao wenyewe, nami nikawaacha.

Fimbo nimeiacha, na si kwa sababu nimekuwa mpole. Kanuni zetu Tanzania Bara, za mwaka 1979 zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu adhabu ya viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya kinidhamu, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na kuandikwa kitabuni. Sioni swali la nane lililoachwa wazi linaingiaje katika makosa makubwa. Wenzetu wa Kenya wameipiga marufuku kabisa shuleni, katika sheria yao ya elimu ya mwaka 2013. Lakini hata tukiiweka sheria kando, fimbo humfunza mtoto kwamba jambo fulani halifai, na mtoto huyu alikwisha kulijua hilo. Kinachomshinda ni kujizuia katika nukta ya sekunde ambamo fimbo haipo akilini mwake, wala kitu kingine chochote kilicho mbali.

Dawa zipo, na swali hili huulizwa na kila anayejua habari zetu. Methilfenideti, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe, zinazopatikana katika ubongo, na watoto wengi huwasaidia. Huweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, hivyo uzito, urefu na mapigo ya moyo hufuatiliwa. Utafiti mkubwa wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 1999, wenye watoto 579, ulionyesha kwamba katika miezi 14 dawa iliyosimamiwa kwa uangalifu ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, ingawa kufikia mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, likakataa mara zote mbili. Sisi tulikubaliana na daktari tuanze na mafunzo haya ya nyumbani na shuleni, tukiwa na miadi ya kurudi kila baada ya miezi minne. Hatujasema hatutaitumia, na mzazi aliyeamua kuitumia kwa ushauri wa daktari hahitaji ruhusa ya shangazi wala ya mwandishi wa mtandaoni.

Januari binti yangu anaingia darasa la tano na atapata mwalimu mwingine. Nimemwandikia barua ya ukurasa mmoja, kwa sababu najua mwalimu hasomi zaidi ya hapo mwezi wa kwanza. Nimeeleza kwamba mtoto huyu anajua zaidi ya anachoandika, nimeomba akae mbele, akunje ukurasa na aulizwe kwa mdomo inapowezekana, nimeomba asichapwe kwa kutomaliza, na nimeweka namba yangu ya simu. Nyuma yake nimebana nakala mbili: ukurasa wa mjusi, na ukurasa wa wiki iliyopita wenye maswali kumi, tisa yamejibiwa na la kumi limeachwa nusu. Mume wangu alikuwa ameahidi kuipeleka nakala ya barua kwa mwalimu mkuu, lakini ameisahau kwenye pikipiki.